Kirikuu Kilichorudi Kimeoshwa

Kirikuu hicho, pikapu ndogo ya kuazima, kilirudi jioni ya siku ya tatu, baada ya Magharibi, kikiwa kimeoshwa mpaka kwenye ringi za matairi, tangi limejaa mafuta, na ufunguo umezungushiwa karatasi yenye noti mbili za elfu kumi. Mke wa mwenye gari, aliyeupokea ufunguo huo mlangoni kwao Ngamiani, jijini Tanga, alimtania mumewe kwamba leo swahiba wake kaja na adabu za mkwe. Mumewe alicheka. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakiazimana vitu, kuanzia ngazi na jenereta hadi fedha za mahari, na hapakuwahi kupita karatasi yenye noti kati yao. Gari hilohilo lilikuwa limerudi mara nyingi likiwa na vumbi la mbao na tangi linalokaribia kukauka, na hakuna aliyeona vibaya. Siku tisa baadaye kirikuu hicho kilizima karibu na Pongwe kikiwa na shehena ya machungwa, na injini yake haikuwaka tena.

Shauri hilo lililetwa kwetu watu watatu tulisuluhishe, na ninaliandika kwa ridhaa ya pande zote mbili, bila majina. Mimi nimefanya ufundi wa magari na kuwafundisha vijana kazi hiyo kwa muda mrefu. Wa pili wetu alikuwa mzee wa mtaa aliyesoma fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, tangu utotoni. Wa tatu alikuwa shangazi yake mwazimaji, mama aliyeuza samaki kwenye soko la Deep Sea miaka mingi, na ambaye, kusema kweli, ndiye aliyeuliza swali lililotufungulia shauri zima wakati sisi wanaume wawili tulipokuwa tumezama kwenye gasketi na aya.

Mwazimaji ni seremala wa Makorora. Alikuwa na milango minane ya mninga pamoja na fremu zake, mali ya mteja aliyekuwa akijenga Amani, kule juu kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki. Alipokwenda kuomba gari alisema kwamba anaipeleka milango "Muheza". Hakusema uongo, kwa kuwa Amani imo ndani ya Wilaya ya Muheza. Lakini mtu wa Tanga akisikia Muheza hufikiria mji wenyewe, mwendo wa lami usiofika kilomita 40, wala hafikirii barabara ya vumbi inayopita Kisiwani na Zigi, kisha ikaanza kupanda kwa kona za kujikunja hadi msituni. Mwenye gari naye, alipokuwa akimkabidhi ufunguo, alitamka maneno matatu tu: "Maji uangalie, swahiba." Mwazimaji aliyapokea kama tunavyoyapokea sote, yaani kama mtu anavyoambiwa aende salama. Hakuambiwa kwamba hosipaipu ya juu ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ilikuwa ikivuja tangu mwezi wa Ramadhani, wala kwamba dumu la njano la lita tano lililowekwa nyuma ya kiti lilikaa pale kwa sababu hiyo. Alipolikuta dumu hilo alilishusha, akaliacha barazani kwake, ili apate nafasi ya kuweka kisanduku cha vifaa.

Kwa wasiolijua gari lenyewe, kirikuu ni jina letu la Suzuki Carry, ile pikapu ndogo ya Kijapani. Hiki kilikuwa na injini ya K6A, ya silinda tatu na sentimita za ujazo 658, ambayo bloku yake na silinda hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ni za aluminiamu. Aluminiamu ni nyepesi na hupoa haraka, lakini ikipita joto lake hupinda, na hedi ikishapinda hata kwa upana wa unywele, gasketi inayoziba kati yake na bloku haina tena mahali pa kulala sawasawa. Kwa sheria za Ujapani gari la aina hiyo hutengenezwa libebe kilo 350. Milango ile na fremu zake niliikadiria kuwa kilo 450 hivi. Ndugu mmoja wa mwenye gari alitaka tulihesabu hilo kuwa kosa la kwanza la mwazimaji, nasi tukalikataa, kwa kuwa mwenye gari mwenyewe hupakia machungwa mpaka springi zinalala, na mtu hawezi kumlaumu mwenziwe kwa kupakia nusu ya anachopakia yeye kila siku.

Sasa tufike kwenye kona. Mwazimaji alituambia, siku alipokubali kusema, kwamba walipopita Zigi mshale wa joto ulikuwa katikati. Kwenye kona ya tatu ya kupanda ulikuwa umepita katikati kwa upana wa kidole. Kijana aliyekaa naye mbele ndiye aliyeuona kwanza, akasema, "Fundi, huo mshale unapanda." Naye akajibu kwamba zimebaki kona mbili, na kwamba wakisimama pale na mzigo ule hawataondoka. Kona hazikuwa mbili. Injini ya gari hilo iko chini ya viti, na kabla hata hawajaona mvuke walianza kuchomwa mapajani, hadi kijana yule akakunja koti lake na kulikalia. Gari lilisimama lenyewe, si kwa kusimamishwa. Hapo likaongezeka kosa la pili ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema: walichota maji ya kijito kilichokuwa karibu wakaimwagia injini ikiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu iliwaka, ikapanda kwa kugugumia, milango ikashushwa, na siku iliyofuata wakateremka hadi Muheza mjini injini ikitoa moshi mweupe. Walipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi yeyote akiiona rangi hiyo hana haja ya kuuliza zaidi: maji yamekwisha kuingia kwenye oili, na gasketi imekufa.

Mpaka hapo, kwa maoni yangu, kisa hiki kilikuwa kidogo. Gari la kuazima limechemsha mlimani, aliyelichemsha hakusimama alipoonywa, na aliyeliazimisha hakusema kuhusu hosipaipu. Gharama ya kuweka gasketi mpya, kuipeleka hedi kwenye mashine ya kuisawazisha, na kulivuta gari hadi Tanga isingezidi Sh. 400,000 kwa bei ambazo mimi na fundi wa mwenye gari tulizikokotoa baadaye. Watu wawili wenye urafiki wa miaka kumi na miwili wangeigawana wakibishana kidogo, kisha wakanywa kahawa.

Lakini mwazimaji hakupiga simu. Kwa usahihi zaidi, alipiga akakata. Mwenye gari aliona jina la rafiki yake likiwaka na kuzimika kwenye simu, akampigia, na jibu alilopewa ni hili, ambalo wote wawili walilirudia mbele yetu bila kutofautiana hata neno moja: "Nimekosea kubonyeza tu, swahiba. Mambo mazuri, mteja ananichelewesha." Wakati akisema hivyo alikuwa amesimama kando ya gari lililofunguliwa viti, na fundi wa Muheza alikuwa akifungua bolti za hedi.

Fundi yule wa Muheza simlaumu sana. Alisema wazi kwamba hedi imepinda na kwamba inapaswa kupelekwa Tanga kwenye mashine, kazi ya siku mbili. Mwazimaji alikataa, na sababu yake ni ya kuchekesha kama isingekuwa ya kusikitisha: karakana anayoijua yenye mashine hiyo inatazamana na kijiwe ambapo vikirikuu husubiri kazi, na mwenye gari hushinda hapo tangu asubuhi. Basi gasketi mpya ikalazwa juu ya hedi iliyopinda, tomosteti, ile inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza, ikatolewa ili injini ipoe kwa haraka zaidi, kama mafundi wetu wengi wanavyopenda kufanya, na hosipaipu iliyovuja ikazungushiwa mpira wa tyubu. Akalipa Sh. 180,000 kutoka kwenye fedha ya milango. Akaliosha gari, akajaza mafuta, akalirudisha.

Kilichofuata ndani ya zile siku tisa ndicho kinachonifanya nikichambue kisa hiki kwa kirefu. Mwenye gari alipoinua kiti asubuhi ya kwanza aliuona ule mpira wa tyubu, akafurahi, akadhani rafiki yake amemfanyia hisani ndogo. Aliona pia kwamba maji yanapungua, lakini yeye ni mtu aliyezoea kuongeza maji tangu Ramadhani, kwa hiyo aliongeza. Siku ya kwanza lita mbili, siku ya tano lita tatu, na siku ya nane rejeta ilikuwa ikinywa kama ng'ombe. Ubovu wa zamani ulikuwa umeuficha ubovu mpya. Mshale nao haukumsaidia, kwa kuwa kipimo cha joto hupima maji, na maji yakishakauka kipimo hubaki hewani, mshale ukalala chini kwa utulivu wakati injini inaungua. Angelijua kwamba gasketi ilibadilishwa juzi, kupungua kwa maji kungemwambia jambo jingine kabisa, na angelisimamisha gari siku ya pili. Ninalisisitiza hili kwa sababu ni la kiufundi kabla ya kuwa la kimaadili: habari ya kilichofanyika ni sehemu ya matengenezo yenyewe. Injini iliyofunguliwa bila mwenyewe kujua ni injini mbovu, hata kama kila bolti imekazwa inavyopasa.

Fundi wake alipoifungua baada ya kuvutwa kutoka Pongwe alikuta gasketi mpya imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, tomosteti haipo, na kuta za silinda zimechubuka kiasi cha kutofaa. Akauliza, "Nani kaifungua injini hii?" Hivyo ndivyo mwenye gari alivyojua. Alipompigia rafiki yake, alijibiwa kwa neno moja kabla hajamaliza sentensi: "Nitalipa." Akakata simu, na kwa wiki mbili hawakusemezana.

Katika kikao cha kwanza mwazimaji hakuja; alimtuma kaka yake. Kaka alikuwa na hoja nzuri, na sikuipuuza. Alisema gari lilikuwa limeoza tangu hapo, kwamba mwenyewe alijua na akanyamaza, na kwamba mtu hawezi kuazimisha ugonjwa kisha akadai fidia ya kifo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika sehemu inayohusu kukabidhiana mali, inaunga mkono nusu ya hoja hiyo: anayemkabidhi mwingine mali yake anawajibika kumweleza kasoro anazozijua ambazo zinaweza kuzuia matumizi yake au kumtia mtumiaji kwenye hatari isiyo ya kawaida. Maneno "maji uangalie" hayatoshi kuwa maelezo ya namna hiyo, maana hata gari jipya huambiwa hivyo. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka aliyepokea mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyoitunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo na thamani hiyo. Hapo nilimuuliza kaka swali moja tu: kama kirikuu kingekuwa cha seremala mwenyewe, angeendelea kupanda baada ya kijana kumwonyesha mshale? Hakujibu, nami sikumhimiza. Kuhusu bima hapakuwa na la kujadili. Gari lilikuwa na bima ndogo, ile inayolazimishwa na sheria kwa ajili ya madhara kwa mtu wa tatu, na hata angekuwa na bima kubwa, mikataba ya kawaida ya bima hiyo huacha nje uharibifu wa mitambo usiotokana na ajali.

Mzee wetu aliingia kwa mlango mwingine. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kitu cha kuazima, ambacho fikihi hukiita ariya, kiko katika dhamana ya aliyekiazima: kikiharibika mkononi mwake atakilipa hata kama hakuzembea, isipokuwa kwa kile kilichochakaa kutokana na matumizi aliyoruhusiwa. Alitusimulia hadithi ya Safwan bin Umayya, ambaye kabla ya vita vya Hunayn aliombwa deraya zake, yaani mavazi ya chuma ya vita, na Mtume (s.a.w.), naye Safwan, wakati huo akiwa bado hajasilimu, akauliza kama anaporwa, akajibiwa kwamba hapana, bali ni ariya yenye dhamana. Mafakihi wa Hanafi huiona ariya kuwa amana, kwa hiyo kwao halipi ila aliyevuka mpaka au aliyezembea. Kaka alishikilia haraka maneno "matumizi aliyoruhusiwa": je, kuchemka kwa injini mlimani si uchakavu wa matumizi? Mzee akauliza aliruhusiwa kwenda wapi. Kaka akasema Muheza. Mzee akasema, "Na Amani iko wapi?" Kaka akasema iko Muheza. Mzee akacheka mpaka akavua kofia kujipepea, kisha akasema kwamba ruhusa hufuata kile alichokielewa aliyeitoa, na kwamba kama neno Muheza lingetosha, basi mtu anayeazima gari la kwenda Tanga angeweza kulifikisha Lushoto na Handeni, kwa kuwa nako ni Mkoa wa Tanga. Kwa hesabu ya mzee, basi, madhehebu yote mawili yalifika mahali pamoja.

Kufikia hapo tulikuwa tumekwisha kujua nani alipe, na bado mwenye gari alikuwa amekaa kama mtu ambaye hajapewa kitu. Nilidhani anataka zaidi. Ndipo shangazi, aliyekuwa kimya muda wote, akamgeukia kaka akamwuliza: "Mwanangu, hebu nieleze. Zile elfu ishirini kwenye karatasi zilikuwa za nini?"

Hakuna aliyekuwa ameulizia fedha hizo. Mwenye gari mwenyewe alizitaja mwanzoni kama ushahidi wa kwamba rafiki yake alijua. Lakini shangazi aliliona jambo ambalo ninakiri kwamba lilinipita: hazikuwa kodi ya gari, kwa kuwa hawakuwahi kutozana, hazikuwa fidia, kwa kuwa elfu ishirini haitengenezi hata rejeta, na hazikuwa zawadi. Zilikuwa malipo ya kununua usingizi wa mwazimaji. Alisema, "Kalipa kabla hajasema, ili asiulizwe. Na leo anataka kulipa tena, ili asiulizwe." Akamtuma kaka aende akamlete mdogo wake, na akasema kwamba fedha haitatajwa tena mpaka atakapofika.

Nakubaliana naye, na hapa ndipo hukumu yangu ilipo. Watu wengi niliowasimulia kisa hiki humtetea seremala kwa kusema kwamba angalau alilitengeneza gari, wengine hulirudisha bovu wakajifanya hawajui. Mimi naona matengenezo yale ya siri yalikuwa dhuluma kubwa kuliko kuchemsha. Kuchemsha gari ni kuharibu mali ya mtu. Kulitengeneza bila kumwambia ni kuchukua uamuzi usio wako: umemchagulia fundi, umemchagulia spea, umemchagulia muda, umeamua kwamba hedi haitasawazishwa, na juu ya yote hayo umemwachia yeye hatari ya matokeo bila kumpa nafasi ya kukataa. Mwenye gari alikuwa na fundi wake wa miaka mingi, na alikuwa na haki ya kusema, "Usiiguse, nakuja." Haki hiyo ndiyo iliyoibwa kwenye simu iliyokatwa. Kwa sababu hiyo, kaka alipoomba zile Sh. 180,000 za Muheza zikatwe kwenye deni, tulikataa kwa kauli moja. Hakuna aliyemwagiza azitumie, na kazi ziliyoifanya ilimwongezea mwenye gari hasara.

Kukiri kwenyewe hakukuwa kuzuri mara ya kwanza. Mwazimaji alifika, akaketi, akasema, "Swahiba, kama nimekukosea, unisamehe, nimesema nitalipa kila kitu." Mwenye gari akajibu kwa upole uliotisha, "Kama?" Kimya kikapita. Neno hilo "kama" ni kinga ya watu wengi wanaoomba radhi. Huliacha kosa hewani ili aliyekosewa alithibitishe mwenyewe. Mzee akamwambia seremala aanze upya, na asianze na kulipa, aanze na Zigi. Basi akaanza na Zigi: mshale, upana wa kidole, kijana na koti lake, maji ya kijito, oili, simu, kwa nini aliogopa mashine ya Tanga. Alipofika kwenye simu alisema kwamba wakati ule mkewe alikuwa amelazwa hospitali ya Bombo na fedha ya milango ilikuwa tayari imepangiwa kazi, na kwamba alimwogopa rafiki yake si kwa ukali bali kwa sababu alijua angemsamehe palepale, naye asingevumilia kusamehewa mara nyingine tena. Mwenye gari hakulijua jambo la Bombo. Naye akasema la hosipaipu, bila kuulizwa, na la dumu, akakubali kwamba alinyamaza makusudi kwa kuhofia kuonekana ananyima gari kwa kisingizio. Nilichukua dakika chache nje kwa sababu ya vumbi la machoni, tuseme hivyo.

Hesabu ilikuwa nyepesi baada ya hapo. Injini ya mtumba iliyoagizwa Dar es Salaam iligharimu Sh. 1,450,000, kuifunga pamoja na oili, kulanti, tomosteti na hosipaipu mpya, Sh. 230,000, kuvuta gari kutoka Pongwe, Sh. 50,000, machungwa yaliyouzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa lori la mnunuzi halikungoja, Sh. 140,000; na siku 11 bila kazi kwa Sh. 25,000 kila siku, Sh. 275,000. Jumla Sh. 2,145,000. Injini ya zamani iliuzwa kwa Sh. 250,000, zikabaki Sh. 1,895,000. Mwenye gari alijitwisha siku zake 11 na bei ya hosipaipu, Sh. 20,000, kuwa gharama ya kunyamaza kwake, na mwazimaji akabaki na Sh. 1,600,000. Nilipendekeza tupunguze kidogo tena kwa kuwa injini iliyofungwa ni nzima kuliko ile ya awali hata kabla ya mlima. Mwazimaji alikataa, na sikuona sababu ya kumlazimisha. Alitoa Sh. 600,000 baada ya wiki moja, na iliyobaki tukaigawa kwa miezi kumi, Sh. 100,000 kila mwezi. Tuliandika karatasi, wakatia saini, shangazi akaweka dole gumba. Zile elfu ishirini mwenye gari alizirudisha hapohapo, zikiwa bado ndani ya karatasi yake.

Mwenye gari amekiazimisha kirikuu hicho mara mbili tangu wakati huo, mara moja kwa seremala huyohuyo. Safari hii alimfungulia kiti, akamwonyesha hosipaipu mpya, akamwonyesha palipo na kifuniko cha rejeta, akamwambia nambari ya simu ya fundi wake, kisha akamwuliza anakwenda wapi, kijiji gani. Seremala alimjibu kwa kijiji. Malipo yamefika ya mwezi wa nane kati ya ile kumi, na salio ni Sh. 200,000. Mwezi uliopita nilimwuliza mwenye gari kama hafikirii kulisamehe, maana biashara ya mbao imelala. Akasema amelifikiria, akamgusia rafiki yake, naye akamwomba sana asifanye hivyo.